Nampenda mchumba wangu ila sijawahi kumtamani mtu kingono. Mimi ni wa upande gani?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29. Tangu nibalehe sijawahi kumtamani mtu yeyote kingono, awe mwanamume au mwanamke. Kupenda napenda. Nina mchumba, namkumbuka akiwa mbali, namwonea wivu, nataka kuzeeka naye. Ila mambo ya kitandani hayanivuti hata kidogo. Hivi karibuni niliwaambia marafiki zangu wawili, mmoja shoga na mwingine msagaji, kwamba nadhani mimi ni aseksuali. Walinijibu kwa upole kuwa mimi ni mwanamke anayependa wanaume kama wengine, na kwamba jumuiya yao si mahali pangu. Dada yangu naye anasema nitapona nikimpata anayenijulia. Je, huu ni ugonjwa? Kama si ugonjwa, mimi ni wa kwia, yaani wa jumuiya hiyo ya mashoga, wasagaji na wenzao, au si wa kwia? Na huyu mchumba nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu na nitayajibu yote, ila nitakaa zaidi kwenye lile la pili, kwa sababu ndilo linalokuumiza, na ndilo ambalo watu hulijibu harakaharaka.

Tuanze na ugonjwa. Hapana, si ugonjwa. Hujanieleza hamu iliyokuwepo ikapotea. Umenieleza jinsi ulivyo tangu ubalehe. Daktari mwangalifu huuliza tofauti hiyo mapema kabisa. Mtu aliyekuwa na ashki kisha ikatoweka ana sababu ya kupimwa. Huenda ni homoni, huenda ni tezi ya shingo, sonona au hata dawa za kutibu sonona, maumivu wakati wa kujamiiana, au ugomvi wa siku nyingi ndani ya nyumba. Lakini mtu ambaye hajawahi kuvutiwa na yeyote, na anayesumbuliwa na maneno ya watu tu, hana kilichopotea cha kutafutiwa dawa. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, ulitamka wazi kuwa mtu anayejitambua kuwa aseksuali asipewe jina la ugonjwa wa kukosa hamu ya ngono. Sentensi hiyo haikuingia humo kwa bahati. Watu aseksuali wenyewe walijipanga, wakakusanya ushahidi wa maisha yao na kuufikisha kwa waandaaji wa mwongozo ule.

Niongeze jambo moja kuhusu mwili, kwa sababu wengi huogopa kuliuliza. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kanada, Lori Brotto na Morag Yule, walipima jinsi miili ya wanawake 38 ilivyoitikia picha za ngono. Saba kati yao walikuwa aseksuali. Miili ya hao saba iliitikia kama ya wenzao. Ni kundi dogo, sitalibebesha mzigo mkubwa, lakini linakubaliana na yale ambayo watu aseksuali wamekuwa wakisema siku zote, kwamba mwili unaweza kufanya kazi yake bila mtu kumtaka mtu mwingine. Kwa hiyo ukiona mwili wako una msisimko wake wa hapa na pale, usidhani umejidanganya. Kinachoulizwa ni kama kuna mtu unayemtamani, nawe umeshajibu.

Nimesema "kumtamani" kwa makusudi, maana uaseksuali si useja. Mseja amejizuia, kwa ahadi, kwa imani au kwa mazingira, na mara nyingi hujizuia na kitu anachokitaka sana. Wewe hujajizuia na chochote. Kuchanganya haya mawili ndiko kunakowafanya wasichana kama wewe wasifiwe sana kabla ya ndoa, waitwe watulivu na wenye staha, kisha baada ya ndoa washtakiwe kwa tabia ileile iliyosifiwa. Nimewasikiliza wanawake waliovunjwa moyo na mgeuko huo kuliko na jambo lingine lolote. Hakuna aliyewadanganya kwa nia mbaya. Kila mtu alidhani hamu ipo, imefungiwa tu, na kwamba harusi ingeifungulia.

Sasa swali lako la pili.

Ili uone kwa nini umekataliwa pande zote mbili, inafaa ujue mwelekeo wa kijinsia ulivyoanza kupimwa. Mwaka 1948 Alfred Kinsey na wenzake nchini Marekani walitoa mizani yao mashuhuri ya kuanzia 0 hadi 6. Kwenye 0 walikuwa wanaovutiwa na jinsia tofauti pekee, kwenye 6 wanaovutiwa na jinsia yao pekee, na katikati wenye kuvutiwa na zote mbili kwa viwango mbalimbali. Wakabaki watu ambao hawakuonyesha mwitikio wowote wa kingono kwa mwingine. Hao hawakuwa na namba. Waliandikiwa herufi X, nje ya mstari.

Mstari ule ulisaidia sana wakati wake, kwa sababu uliwaonyesha watu kwamba kupenda jinsia moja si jambo la watu wachache wa ajabu. Kasoro yake ni kwamba unapima uelekeo bila kupima kiasi. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael Storms alipendekeza mistari miwili badala ya mmoja, yaani kiasi cha kuvutiwa na wanaume kipimwe peke yake, na kiasi cha kuvutiwa na wanawake peke yake. Ukichora hivyo, anayevutiwa sana na wote anakaa kwenye kona moja, na asiyevutiwa na yeyote anakaa kwenye kona inayoitazama ile. Kwenye mstari mmoja wote wawili wangesemwa wako "katikati", kana kwamba ni watu wa aina moja ambao hawajaamua.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu lako. Ukimwuliza mtu, "Unavutiwa na nani?" akakuambia "wanawake", amejibu. Akikuambia "wanaume" au "wote", amejibu. Akikuambia "hakuna", naye amejibu swali lilelile, wala hajalikwepa. Uaseksuali ni mwelekeo kamili, hauna haja ya kusubiri ukamilike. Na watu wake wapo kwa idadi inayoonekana. Mwaka 2004 Anthony Bogaert, wa Kanada, alirudia takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza wenye watu zaidi ya 18,000, akakuta takriban asilimia 1 walikuwa wamechagua jibu la kwamba hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Chunguzi nyingine zimetoa viwango tofauti na hicho, kutegemea swali lilivyoandikwa.

Turudi kwa marafiki zako. Nataka kuwatendea haki, kwa sababu naamini walichosema kinatoka mahali pa kweli. Katika nchi nyingi duniani mapenzi ya jinsia moja bado ni kosa la jinai. Rafiki yako shoga anajua maana ya kuachia mkono wa mpenzi wake kabla ya kuingia barabarani. Wewe na mchumba wako mnaweza kushikana mikono mbele ya askari, mbele ya kiongozi wa dini, mbele ya mama mwenye nyumba, na hakuna atakayegeuza shingo. Hiyo ni nafuu kubwa. Ukiingia kwao ukasema "yetu ni mamoja" bila kuitaja nafuu hiyo, watakuona mwongo, na watakuwa na sababu.

Ila kutoka hapo hadi kusema kwamba wewe ni "kama wengine" kuna hatua ambayo hawakuipima. Tazama mfano mmoja wa sheria. Uingereza, kwa maana ya England na Wales, sheria ya ndoa ya mwaka 1973 inaruhusu ndoa ya mwanamume na mwanamke kubatilishwa mahakamani kwa sababu tendo la ndoa halijafanyika, ama kwa kuwa mmoja hawezi au kwa kuwa amekataa kwa makusudi. Ndoa za jinsia moja zilipohalalishwa huko, msingi huo haukupelekwa kwao. Kwa hiyo dai kwamba wanandoa lazima walale pamoja limeachwa palepale ambapo marafiki zako wanadhani uko salama, ndani ya ndoa ya mume na mke. Ulimwengu wa wanaovutiwa na jinsia tofauti haujakupokea, mwanangu. Umekuruhusu kupita mlangoni kwa sharti la kwamba hutasema.

Na ukisema? Mwaka 2012 Cara MacInnis na Gordon Hodson walichapisha utafiti uliouliza watu wanaovutiwa na jinsia tofauti wanavyowaona wenzao wa makundi mbalimbali. Aseksuali walitazamwa vibaya kuliko mashoga na wasagaji, na walioulizwa waliwapunguzia ubinadamu kwa namna mbili zinazopingana, wakiwaona kama mashine na wakati huohuo kama wanyama. Mimi nilipousoma mara ya kwanza niliumia, kwa sababu ni lugha ileile ninayoisikia kwa wazazi na wenza: "Hana hisia." "Ana moyo wa chuma." Kisha kuna yale ya kutibiwa kwa lazima. Serikali ya Uingereza ilipotoa mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wake wa watu zaidi ya 108,000 wa kwia, aseksuali walikuwa miongoni mwa walioripoti zaidi kwamba walipendekezewa au walifanyiwa "tiba" ya kubadilisha mwelekeo wao. Mashoga na wasagaji wanazijua tiba hizo. Dada yako, kwa mapenzi yake yote, anaposema utapona ukimpata anayekujulia, anakupendekezea toleo dogo la nyumbani la tiba ileile. Msagaji yeyote aliyewahi kuambiwa "hujampata mwanamume wa kweli" angeitambua sentensi hiyo mara moja. Mwombe rafiki yako aisikilize tena.

Historia nayo haiwaweki mbali kama wanavyodhani. Mwaka 1972, ndani ya harakati za ukombozi wa wanawake New York, kilitoka chapisho la wanawake waliojiita aseksuali, likihoji kwa nini ngono ihesabiwe kuwa lazima katika uhusiano wa karibu. Wao waliuchukulia uaseksuali zaidi kama uamuzi wa kisiasa kuliko mwelekeo wa kuzaliwa nao, lakini walisema hayo kwenye vyumba vilevile walimokuwa wasagaji wakidai haki zao. Mwaka 2001 David Jay alianzisha AVEN, mtandao wa intaneti wa watu aseksuali, na kwa mara ya kwanza maelfu ya watu waliokuwa wakidhani wako peke yao wakasomana. Mwaka uliofuata jimbo la New York likapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo, na katika maana ya mwelekeo likaandika aina nne: kuvutiwa na jinsia tofauti, kuvutiwa na jinsia moja, kuvutiwa na zote mbili, na uaseksuali. Bendera ya rangi nyeusi, kijivu, nyeupe na zambarau ilichaguliwa mwaka 2010. Vitu hivi havikuibwa kwa mtu. Vilijengwa na watu waliojifunza kwa wenzao wa kwia namna ya kujisema, na wengi wao walikuwa wa kwia kwa sababu nyingine pia.

Hilo la mwisho husahaulika sana. Aseksuali wote hawapendi kama wewe upendavyo. Mvuto wa kimapenzi na mvuto wa kingono kwa watu wengi huja pamoja, na kwa hiyo hudhani ni kitu kimoja. Mwanasaikolojia Lisa Diamond alieleza mwaka 2003 kwamba vinaweza kutengana. Kuna mwanamke aseksuali anayependa wanawake: anataka nyumba moja nao, barua, kukumbatiwa, bila ngono. Sheria zinazomtesa msagaji zitamtesa naye, hakuna atakayemwuliza kinachotendeka chumbani kabla ya kumhukumu. Kuna aromantiki, asiyependa kimapenzi kabisa, ambaye anaweza kuwa na hamu ya ngono au asiwe nayo. Kuna demiseksuali, ambaye mvuto humjia tu baada ya mazoea mazito na mtu mmoja. Anayewaambia aseksuali wote kuwa ni "watu wa kawaida waliojificha" anawafuta hawa wote kwa maneno manne.

Basi wewe? Hukumu yangu ni hii, na ni hukumu ya mtu aliyekaa na watu wa pande zote. Ukitaka kujiita wa kwia, una haki, na huhitaji kuonyesha majeraha ili uingie. Jumuiya iliyozaliwa kwa kupinga wazo kwamba kuna njia moja tu ya kupenda haiwezi, bila kujipinga, kuweka njia yake ya pili kuwa sharti. Wenye kuvutiwa na jinsia zote mbili walifanyiwa mtihani huu miaka mingi: mmoja wao akiwa na mwenza wa jinsia tofauti aliambiwa amehama, akiwa na wa jinsia yake aliambiwa hatimaye amekiri. Leo jumuiya nyingi zinaona aibu kwa hilo. Sioni sababu ya kulirudia kwa aseksuali.

Lakini pia huna wajibu. Nawajua aseksuali wanaopenda jinsia tofauti ambao hawajioni kuwa wa kwia, na hawajifichi wala kuogopa kitu. Wengine huona kwamba sherehe nyingi za kwia zimejaa ngono kiasi kwamba wanatoka wakiwa wapweke kuliko walivyoingia, na nasikitika kusema hawajakosea. Uhuru wa kutamani ulipiganiwa kwa damu, kwa hiyo unaimbwa kwa sauti kubwa, ila anayeimba kwa nguvu hiyo anaweza asimsikie jirani asiyetamani. Kwa upande huu jumuiya ya kwia na ile ya wanaovutiwa na jinsia tofauti zinafanana kuliko zinavyopenda kukiri. Zote mbili hudhani kila mtu mzima anataka ngono, zinatofautiana tu juu ya nani na nani. Ndiyo maana umedaiwa ushahidi huku na huku kwa siku chache.

Ukirudi kwa marafiki zako, usiende kubishana juu ya jina la kwia. Watajie nafuu uliyo nayo kabla hawajakutajia wao. Kisha waeleze ulichoambiwa na dada yako, na hofu uliyo nayo juu ya mchumba wako, uwaulize kama hawaitambui. Wakikufungulia, vizuri. Wakikataa, wapo aseksuali wenzako waliokutana mitandaoni na ana kwa ana kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na kwao hutaulizwa kitu.

Mchumba wako sasa. Mwambie, na mwambie kabla ya harusi. Sitalainisha hilo. Yeye ana haki ya kujua anachokubali, nawe una haki ya kukubaliwa ukiwa unajulikana.

Kabla ya kuketi naye, jiulize mwenyewe jambo ambalo barua yako haikulisema: kukosa mvuto kwako kuna uzito gani? Kuna aseksuali ambao ngono inawachukiza na hawataifanya. Kuna ambao hawaijali, na wako radhi kuifanya mara moja moja kwa sababu wanafurahia ukaribu wa mwenza au wanataka watoto. Kuna wanaobadilika kati ya hali hizo. Zote ni halali, ila zinazaa ndoa tofauti kabisa, na mwenzako hawezi kukuamulia wewe uko wapi. Ukiwa tayari, ongea naye mchana, mkiwa hamna haraka, wala si kitandani baada ya kumkatalia, maana hapo atasikia kukataliwa tu. Anza na unachokihisi kwake: kwamba unampenda, kwamba hamu haijawahi kuwepo kwa mtu yeyote, kwa hiyo si upungufu wake. Wanaume wengi husikia habari hii kama hukumu juu ya uanaume wao, na sentensi hiyo moja huwaokoa na usiku mwingi wa mashaka.

Usimwahidi kwamba utabadilika. Hiyo ndiyo ahadi inayovunja ndoa nyingi za namna hii, kwa sababu yeye atahesabu miezi nawe utajilazimisha, na ridhaa inayotolewa kwa hofu ya kuachwa si ridhaa. Sema unachoweza kwa moyo mmoja na usichoweza, hata kama orodha ni fupi. Naye mpe nafasi ya kusema kweli yake. Akisema hawezi kuishi hivyo, hajakutukana. Ameshindwa kukubaliana nawe juu ya jambo kubwa, na ni afadhali mjue sasa. Nimeona wenza waliokaa vizuri miaka mingi kwa makubaliano haya, na nimeona walioachana kwa heshima. Walioteseka zaidi ni wale walionyamaza.

Dada yako anaweza kusubiri. Mwambie siku ukiwa na nguvu, au usimwambie.

Mchumba akihitaji muda, mpe. Akiwa na maswali usiyoweza kuyajibu, nendeni pamoja kwa mshauri wa mahusiano, na kabla ya kikao cha kwanza mwulizeni kama anautambua uaseksuali kuwa mwelekeo. Akijibu kwamba atautibu, tafuteni mwingine.